Kabla ya Kupigilia Mbao, Tazama Ekseli



Msimu uliopita wa mavuno tulikwenda kukitembelea kikundi kimoja cha wanakisomo waliokwisha kuhitimu. Wako kumi na wawili, wanaume kwa wanawake. Walichanga fedha kwa misimu miwili, wakatengeneza mkokoteni wa ng'ombe. Tulitegemea kuwakuta kijijini. Tuliwakuta kwenye kivuko cha mto wa mchanga, jua la saa saba likiwaka, magunia manane ya mahindi yamelala chini. Mkokoteni ulikuwa umeinama kama kuku aliyevunjika mguu.

Bodi yake ilikuwa nzuri kweli. Mbao zilipigwa randa na kupakwa rangi ya bluu. Jina la kikundi liliandikwa ubavuni kwa herufi safi, na tulifurahi kuona halina kosa hata moja. Lakini ekseli ilikuwa imekatika katikati.

Tuliinama tukaitazama. Kumbe ilikuwa bomba la maji! Tena si bomba moja. Vilikuwa vipande viwili vilivyochomelewa, na kiungo kiliwekwa katikati kabisa.

"Mwalimu," mama mmoja alituambia, "fundi alituuliza tunataka rangi gani. Hakutuuliza tutabeba nini."

"Na sisi hatukumwuliza chuma kimetoka wapi," mzee aliyekuwa akiwashika maksai akaongeza.

Fedha nyingi zilikuwa zimeingia kwenye mbao na rangi. Ekseli ilinunuliwa mwisho, kwa senti zilizobaki. Leo tutajifunza kwenda kinyume cha hivyo: tuanze na ekseli, kisha fremu, na mbao zije mwisho.

EKSELI NA FREMU

Ekseli ni chuma kinacholala chini ya mkokoteni, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mzigo wote hukaa juu yake. Fremu ni zile boriti za mbao au vyuma zilizo chini ya bodi. Mafundi wa magari huiita chesisi. Fremu huupokea mzigo kutoka kwenye bodi na kuukabidhi kwa ekseli. Mbele ya fremu hutoka mti mrefu unaofika kwenye nira. Katika somo hili tutauita mti wa kuvutia.

Bodi ikipasuka, utapigilia ubao mwingine jioni hiyo hiyo. Ekseli ikikatika, uko porini na mzigo wako, na usiku unaingia.

PIMA MZIGO KWANZA

Chukua daftari na kalamu. Andika vitu vyote ambavyo mkokoteni wako utabeba kwa mwaka mzima. Usiandike mahindi tu. Andika maji, mbolea, kuni, matofali, mchanga wa kujengea, na mgonjwa wa kupelekwa zahanati.

Sasa andika uzito. Gunia la mahindi ni kilo 100, kama halikujazwa lumbesa. Pipa la maji la lita 200 lina maji ya kilo 200, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Mapipa matatu ni kilo 600, bila kuhesabu mapipa yenyewe.

Mchanga ndio unaowadanganya watu. Tuseme bodi yako ina urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2, na umeijaza mchanga kwa kina cha sentimita 30, yaani mita 0.3. Zidisha: 2 × 1.2 × 0.3. Utapata 0.72. Hiyo ndiyo ujazo wa mchanga kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1,600 hivi. Zidisha tena: 0.72 × 1,600. Jibu ni kilo 1,152. Zaidi ya tani! Na ukitazama kwa macho utasema, "Ah, haujafika hata nusu ya ubao."

Basi fikirieni na maksai wenyewe. Tuseme una maksai wawili, kila mmoja kilo 300. Jumla ni kilo 600. Kwa kazi ya saa nyingi, ng'ombe huvuta kwa nguvu iliyo karibu na sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa hiyo hawa wawili watavuta kwa nguvu ya kilo 60. Ni kama wanainua mzigo wa kilo 60 kutoka kisimani kwa kamba na kapi, kutwa nzima.

Kwenye barabara ya udongo iliyo kavu na ngumu, mkokoteni wenye matairi ya upepo huhitaji nguvu iliyo karibu na sehemu moja ya ishirini ya uzito wote. Mkokoteni wa kilo 250 wenye mzigo wa kilo 750 ni kilo 1,000. Gawa kwa 20, utapata 50. Maksai wetu wataweza.

Ingia sasa kwenye mchanga mwingi. Hapo huhitajiki tena sehemu ya ishirini. Inaweza kufika sehemu ya tano. Kilo 1,000 gawa kwa 5 ni 200. Nguvu hiyo maksai wetu huitoa kwa hatua chache tu, tena kwa kupiga magoti. Ndiyo maana mzigo ule ule uliotoka nyumbani kwa urahisi hukwama mtoni. Mlima nao una hesabu yake. Njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo, ongeza sehemu ya kumi ya uzito wote. Kwa kilo 1,000, unaongeza kilo 100 juu ya zile 50 za mwanzo.

Hesabu hizi zinatuonyesha jambo la kuokoa fedha. Watu wengi hutafuta ekseli kubwa kupita kiasi, ya lori, wakidhani ukubwa ni usalama. Lakini maksai wawili wa kawaida hawatavuta tani tatu. Ekseli nzito ni mzigo unaoubeba kila siku, hata mkokoteni ukiwa mtupu. Tafuteni ekseli ya kubeba tani moja kwa uhakika. Hiyo inatosha.

KWENYE VYUMA CHAKAVU

Tulikwenda mjini pamoja na wajumbe watatu wa kile kikundi, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Walikuwa na fedha kidogo, na safari hii hawakutaka kukosea.

Muuzaji aliwaonyesha kwanza ekseli ya nyuma ya pikapu. Ni ile yenye uvimbe mkubwa katikati kama boga. Uvimbe huo ni difu, yaani nyumba ya meno yanayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Chuma chake ni imara, na habu na beringi zake zipo tayari. Ubaya wake ni uzito, na lile boga hugonga visiki katikati ya njia.

"Tutalikata boga, tuunge pande mbili," kijana mmoja wa kikundi akasema.

Hapa tuliwasimamisha, na wewe msomaji simama nasi kidogo. Ndani ya bomba la ekseli ya namna hii mna vyuma viwili virefu, kimoja kulia na kingine kushoto. Huitwa shafti. Katika magari kama Land Rover za zamani, habu ya gurudumu ya nyuma imekaa juu ya bomba lenyewe. Ukichomoa shafti, gurudumu linabaki mahali pake. Lakini katika pikapu nyingi na magari mengi madogo yenye difu nyuma, ni shafti ndiyo inayolishika gurudumu. Ukiikata au ukiichomoa, gurudumu halina kitu cha kulizuia. Litatoka. Tena halitatoka uwanjani kwa fundi, bali njiani, mzigo ukiwa juu na mtoto amekaa juu ya mzigo.

Kwa hiyo, ukinunua ekseli yenye difu na hujui ni ya namna gani, iache nzima kama ilivyo. Acha na oili ndani yake. Usikubali pia meno ya difu yachomelewe yashikane. Kazi ya meno hayo ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke upesi kuliko lingine wakati wa kukata kona. Yakishikana, gurudumu moja litaburuzwa kila mnapogeuka, tairi litalika, na maksai watachoka bure.

Halafu kulikuwa na ekseli nyingine, imelala kwenye majani, nyembamba, haina boga. Ilikuwa ya nyuma ya gari dogo ambalo injini yake huendesha magurudumu ya mbele. Magari ya namna hii siku hizi ni mengi, na kwa hiyo chakavu zake pia ni nyingi. Ekseli yake ya nyuma haina kazi nyingine ila kubeba. Ni nyepesi, na magurudumu yake yanazunguka kila moja peke yake.

"Hii si ndogo mno?" mama yule yule aliuliza.

Swali zuri. Tulimjibu hivi: ekseli hii ilibeba sehemu ya nyuma ya gari, pamoja na abiria na mizigo yao, ikipiga mashimo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Maksai hutembea kilomita 3 au 4 kwa saa, kwa hiyo mapigo ni madogo. Kwa mzigo wa nusu tani mpaka magunia sita au saba, kwenye njia isiyo ya mawe makubwa, itafaa. Kwa tani nzima ya mchanga kila siku, hapana. Kikundi hiki hubeba mahindi, maji na mbolea, na mchanga mara moja moja. Wakaandika kwenye daftari lao: "Mwisho magunia 7." Kisha wakainunua.

Njia nyingine ni kutengenezewa ekseli mpya ya chuma kizima, kisicho na uwazi ndani. Mafundi wengi hutumia chuma cha unene wa milimita 40 hadi 50, ncha zake zikachongwa kwa mashine ili beringi zikae. Usidhani tofauti ya 40 na 50 ni ndogo. Nguvu ya chuma cha mviringo hufuata unene wake uliozidishwa mara tatu wenyewe kwa wenyewe. 40 × 40 × 40 ni 64,000. 50 × 50 × 50 ni 125,000. Karibu mara mbili! Ukiona bei zimekaribiana, chukua cha 50. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na ufundi wa vijijini kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981, kimeshughulikia mikokoteni ya wanyama, na karakana nyingi za mikoani zinaweza kuchonga ekseli ya namna hii kama utawaletea vipimo. Ubaya wake ni bei.

Bomba la maji tumekwisha kuona habari zake. Nondo za kujengea pia hazifai. Zina mistari, beringi haikai juu yake. Kama hapana budi kuunga bomba, chuma cha ndani kipenyezwe kwenye kiungo, kifike mbali kila upande, ndipo pachomelewe. Kiungo kisichovishwa ni mtego.

BERINGI

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji ainue ekseli juu ya jeki au juu ya gogo. Zungusha gurudumu kwa mkono, nyamaza, usikilize. Likilia kama linatafuna mchanga, beringi imekufa. Halafu shika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono mwingine, ulitikise. Likicheza sana, huenda ni nati imelegea, au beringi imekwisha. Mwambie afungue muone. Sehemu inayokaliwa na beringi iwe laini na iwe inang'aa. Ikiwa imelika mtaro, hata beringi mpya haitadumu.

Usisahau kuuliza namba ya beringi, imeandikwa ubavuni mwake. Inakili kwenye daftari. Hapa ndipo kusoma kunapolipa, maana utakwenda nayo dukani na kuuliza: "Namba hii mnayo?" Kama mji wa karibu hauna, basi ekseli hiyo si yako hata kama ni bei ya bure. Itakulaza siku nyingi ukisubiri kifaa kitoke mbali.

Wako wanaotumia beringi za mti. Tusizidharau. Kipande cha mti mgumu hutobolewa, kikachemshwa ndani ya oili mpaka mapovu yaishe, maana mapovu ni hewa inayotoka na oili inaingia. Zinalika upesi, hasa kwenye mchanga, lakini unazibadilisha mwenyewe nyumbani. Kwa mkokoteni mdogo wa punda wa kuteka maji, zinatosha.

Beringi za chuma zinataka grisi safi, ipakwe kwa mkono mpaka ijae ndani. Kaza nati huku unazungusha gurudumu. Likianza kuwa zito, legeza kidogo lizunguke kwa uhuru, kisha tia pini ya kufungia nati. Nati isiyo na pini itajifungua yenyewe.

FREMU

Fremu ya mbao za 2 kwa 4 zilizo ngumu na kavu inafaa, na fremu ya chuma cha umbo la L cha milimita 50 kwa 50 inafaa pia. Mbao hurekebishwa popote. Chuma hakiliwi na mchwa. Springi hazihitajiki kwa mwendo wa ng'ombe, zitakuongezea gharama na uzito tu. (Kama unawaza kuufunga mkokoteni huu nyuma ya pikipiki au gari, acha. Tela la kuvutwa na gari lina masharti yake mengine.)

Jambo kubwa ni mahali fremu inapokaa juu ya ekseli. Tuseme kila gurudumu linabeba kilo 400. Fremu ikikaa sentimita 15 kutoka kwenye gurudumu, nguvu ya kuipinda ekseli ni 400 × 15, yaani 6,000. Ikikaa sentimita 45 ndani, ni 400 × 45, yaani 18,000. Mara tatu! Ekseli ile ile, mzigo ule ule. Kwenye ekseli ya gari utaona vikalio vya springi karibu na magurudumu. Weka fremu hapo hapo, ndipo ilipokusudiwa.

Funga fremu kwa bolti za umbo la U zinazoikumbatia ekseli. Usitoboe ekseli, maana kila tundu ni mwanzo wa ufa. Wala usichomelee karibu na beringi. Moto utaiharibu.

Fremu iwe na pembe sawa. Huna haja ya kifaa cha fundi. Chukua kamba, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, halafu pima mshazari wa pili. Vikilingana, fremu imenyooka. Kwa fremu ya sentimita 200 kwa 120, kila mshazari utakuwa sentimita 233 na kidogo. Kisha pima kutoka ncha ya mti wa kuvutia hadi kwenye habu ya kulia, na hadi ya kushoto. Zisipolingana, mkokoteni utakwenda kwa ubavu kama kaa na kula matairi.

EKSELI IKAE WAPI?

Mzigo ukizidi nyuma, mti wa kuvutia huinuka na kamba za nira huwakaba maksai koo. Ukizidi mbele, nira huwachubua mashingo. Kwa hiyo ekseli isiwe katikati kabisa. Iwe nyuma kidogo ya katikati, ili mbele kuwe na uzito mdogo.

Tuseme una mzigo wa kilo 600 uliotandazwa sawasawa, ekseli iko sentimita 5 nyuma ya katikati, na mti wa kuvutia unafika sentimita 300 mbele ya ekseli. Zidisha 600 × 5, gawa kwa 300. Uzito kwenye nira ni kilo 10, ongeza na uzito wa mti wenyewe. Ukisogeza ekseli iwe sentimita 10 nyuma, utapata kilo 20. Hapo panatosha. Usiende mbali zaidi.

Kabla ya kukaza bolti, pakia mzigo, mkokoteni uwe mahali tambarare. Mtu mzima mmoja ainue ncha ya mti wa kuvutia. Ikimwinua yeye, sogeza ekseli nyuma. Akiguna, isogeze mbele.

Kikundi chetu walifanya hivyo mara tatu, kwa magunia yale yale manane yaliyolala mtoni. Hapana, tumekosea: kwa saba. La nane lilibebwa kwa baiskeli, kama daftari linavyosema.

MASWALI YA KUFANYA KATIKA KIKUNDI

1. Bodi ya mkokoteni ina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Imejazwa mchanga mkavu kwa kina cha mita 0.2. Mchanga una kilo ngapi? Je, ekseli ya kikundi tulichokisoma itafaa?

2. Mkokoteni na mzigo wake una kilo 800. Maksai wanahitaji nguvu ya kilo ngapi kwenye barabara ngumu? Na kwenye mchanga mwingi?

3. Nendeni kwenye mkokoteni mmoja wa kijijini kwenu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Pimeni kutoka ncha ya mti wa kuvutia hadi kila habu. Andikeni vipimo vyote viwili, kisha mtazameni matairi na mseme yamelika upande gani.